Chiriku na Pumzi za Bosi

Siku ya kwanza nilipomwona binti yule alikuwa amesimama nje ya wadi ya watoto njiti, gitaa mgongoni, mkono umeshika kitasa. Hafungui. Nilipita na ngazi yangu kwenda kurekebisha dirisha la maabara, nikarudi, nikamkuta palepale na kitasa chake. Nikamuuliza kama mlango umegoma, maana mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mbao wa hospitali ile, na mlango ukigoma lawama ni zangu.

"Hapana, babu," akasema. "Mlango mzima. Mimi ndiye niliyegoma."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Simlaumu. Njiti ni wale watoto wanaozaliwa miezi haijatimia, na ukiwaona utajua kwa nini waliitwa hivyo. Mguu wa mtoto ni kama kidole changu cha mwisho. Mimi nimelea watoto sita, nimewaogesha, nimewabeba, mmoja nimemwangusha, yu mzima mpaka leo na ana maneno kuliko wote. Lakini siku niliyoingia mle mara ya kwanza nilitembea kama sakafu imetandazwa mayai.

Binti alikuwa amesomea tiba ya muziki. Alikuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, miezi mitatu, na kabla yake hospitali haikuwahi kupata mtu wa kazi hiyo. Baba yake ni mchomelea vyuma. Aliniambia kwamba siku ya kuaga, mzee alimtazama akasema, "Miaka yote hiyo umesomea kuwaimbia wagonjwa? Si ungewapelekea uji tu?" Wauguzi nao wakampa jina la Chiriku. Wenyewe mnamjua chiriku, ndege asiyefunga mdomo. Huyu wetu alikuwa akisema maneno kumi kwa siku, na matano kati ya hayo ni samahani.

Mkuu wa wadi tulimwita Sista, basi. Mwanamke mnene mwenye hatua nyepesi, unamkuta nyuma yako hujui amefikaje. Alimpokea Chiriku kwa kumtazama gitaa. "Hapa watoto wanahitaji oksijeni," akasema. "Bendi tutaita siku ya harusi."

Lakini alimpa kiti.

Kazi yenyewe nilikuja kuielewa kidogokidogo, kwa kuwa mwezi ule nilikuwa nabadilisha bawaba za makabati ya wadi, na bawaba hazitaki haraka. Mama anakaa kwenye kiti cha kuegemea, anamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, anafunikwa shuka. Chiriku anakaa kando. Anamwomba mama wimbo wake mwenyewe, wimbo wowote, halafu anaupunguza mwendo mpaka unakuwa kama mtu anayesinzia. Anaimba kwa kufuata pumzi ya mtoto. Kifua kikipanda, sauti inapanda. Kikishuka, inashuka. Mwalimu wake alikuja kila Ijumaa, mwanamume mwembamba mwenye viatu visivyo na kishindo, na kila Ijumaa alimwambia lilelile: "Mfuate mtoto. Usimtangulie hata kidogo." Chiriku aliandika maneno hayo kwenye daftari akayapigia mstari mara mbili.

Wa kwanza kukubali kuimbiwa alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mtoto wake kilo moja na robo. Mtoto huyo alimwita Bosi. "Tazameni wenyewe," alikuwa akisema, "watu wazima sita tunakimbizana kwa ajili yake, naye kalala. Huyu mtoto? Huyu bosi." Alipoulizwa wimbo alisema hajui wimbo wa kubembeleza hata mmoja. Alichojua ni wimbo wa kule kwao kiwandani, wa kumsimanga mteja anayetaka gauni kesho na kitambaa hajanunua. Basi Chiriku akaupunguza mwendo wimbo huohuo. Mteja wa kesho, kitambaa kiko wapi. Polepole hivyo, ungedhani ni dua.

Wiki ya pili, Jumanne, saa nne asubuhi. Mashine ya Bosi ya kupima pumzi ilikuwa imevuliwa waya wake wa mguuni, muuguzi amekwenda kutafuta plasta mpya. Sista ameitwa mlangoni kupokea mtoto mwingine. Mama kafumba macho, Bosi kifuani, na Chiriku anaimba. Mimi nilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka hapo, bisibisi mkononi.

Wimbo ukakatika.

Sikugeuka upesi. Watu wa muziki wana vituo vyao, nikajiambia, na bawaba yangu ilikuwa inataka skrubu nyingine. Nikaitia. Nikaikaza. Ukimya bado upo. Hapo ndipo nilipogeuka, nikamwona Chiriku ameinama mbele, vidole juu ya nyuzi bila kuzigusa, macho kwenye kifua cha Bosi. Kifua hakipandi. Anangoja. Mama naye katulia tuli, anadhani hapo ndipo wimbo unapopumzika.

Sista aliingia na sinia. Sikujua sinia la chuma lina kelele kiasi kile mpaka alipoliachia. Alifika pale sijui kwa hatua ngapi, akafunua shuka, akamsugua Bosi wayo kwa kidole gumba, na midomo ya mtoto wakati huo ilikuwa na rangi ya majivu. Akasugua tena. Mgongo, wayo. Kisha ikatoka sauti kama ya paka mchanga, na kifua kikapanda.

Sista hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa namngoja," Chiriku akasema, "apumue."

Nikashuka chini kuokota vifaa vilivyomwagika kwa kuwa sikutaka kumwona mtu usoni. Mama akamtoa mtoto kifuani akamkabidhi Sista kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Huyu msichana asinikaribie," akasema. "Mimi na mwanangu. Asitukaribie."

Mashine ikarudishiwa waya wake, daktari akaja, Bosi akaonekana hajadhurika. Lakini woga ulikuwa umeshaingia wadini, na woga hauna mlango wa kutokea. Mama alikataa kumbeba. Alikaa kando ya kisanduku cha joto, mikono mapajani, anamtazama kupitia kioo. Kila mashine ikitoa mlio, hata ya mtoto mwingine, anaruka. Aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humshtua. Jumatano Bosi alipungua gramu ishirini. Alhamisi, kumi na tano.

"Kifua cha mama ndiyo dawa yake," nilimsikia Sista akimwambia daktari. "Mama akikataa, hiyo dawa nitaitoa duka gani?"

Chiriku alikuja kila siku, sijui kwa nguvu gani. Gitaa aliliacha kwa shangazi yake. Alikaa pembeni kabisa, karibu na makabati yangu, na nilimwona akishikilia mikono yake kati ya magoti ili isionekane. Mwalimu alipokuja Ijumaa alisikiliza yote. Kisha akamwambia, "Nilikufundisha kufuata. Sikukufundisha mahali pa kuacha kufuata. Hilo ni langu." Akampa ruhusa ya kuondoka, akitaka, angemtafutia kituo kingine, cha wazee.

Chiriku aliniuliza mimi. Sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa karibu. "Babu, niondoke?"

"Unaogopa nini hasa?" nikamwuliza.

"Nilijua," akasema. "Nilipofika kama hesabu ya nane nilijua si kituo cha kawaida. Lakini wadi ilikuwa kimya, na mimi nikaona aibu kupiga kelele. Ningekosea, wangesema bendi imekuja kuwaamsha watoto. Mwenzangu yuko pale anakata pumzi, mimi naogopa kuchekwa."

Nikamwambia nami nilikuwa nakaza skrubu.

Hakuondoka. Alimfuata Sista akamwomba amfundishe. Sista akamfundisha kama anavyofundisha kila kitu, kwa kumsumbua. Anampitia nyuma ghafla: "Yule wa dirishani, kapumzika sekunde ngapi?" "Sita, Sista." "Na sita ni nini?" "Ni kawaida yao, natazama." "Kumi?" "Nasugua wayo, nakuita." "Midomo ikibadilika?" "Sihesabu chochote, nasugua papo hapo." Siku nne mfululizo, binti anatazama vifua tu. Alipungua mwenyewe kuliko Bosi.

Siku ya tano akaenda kwa mama, mikono mitupu. Nilisikia yote, kabati lilikuwa lilelile.

"Mama, shikamoo."

Mama akazidi kutazama kioo.

"Nimekuja kukwambia ukweli. Siku ile niliona mapema. Nilinyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Si wimbo uliofanya, ni mimi."

"Na leo umekuja kumngoja tena?"

"Leo nimekuja kuhesabu. Wewe umbebe, mimi nihesabu kwa sauti. Siimbi."

"Mikono yangu inatetemeka. Huoni?"

"Naona. Yangu hii hapa."

Akaitoa. Kweli ilikuwa inatetemeka kama ya mzee. Mama aliitazama sana, akasema, "Haya, tumepatikana," na kama alikuwa anacheka au analia sikujua. Sista hakungoja abadili mawazo. Bosi alikuwa kifuani kabla mama hajamaliza kupenga kamasi.

Chiriku akahesabu. Sauti ndogo, kavu. Dakika ishirini hivi hakuna neno. Kisha Bosi akatulia, moja, mbili, tatu, nne, na kwenye tano binti akapiga ukelele wa "Sistaaa!" ambao ulimleta daktari kutoka chumba cha pili, na mlinzi wa getini, na nadhani hata wa chumba cha maiti walijigeuza. Watoto saba wakaamka wakalia kwa pamoja. Bosi alikuwa anapumua zamani, kakunja uso kama aliyekatizwa kikao.

Nilitegemea Sista atamrarua. Akamtazama tu. "Tano," akasema.

"Samahani, Sista."

"Usiombe samahani. Mtoto akilia kwa kelele zako, mimi nitakunywa chai yangu kwa amani."

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Akamwambia Chiriku, "Sikiliza, mwanangu. Kesho lete hilo gitaa. Lakini tuelewane: hakuna kunyamaza. Ukitaka kutua, niambie unatua. Nikisikia umenyamaza na husemi, nitajua."

Wakakubaliana hivyo, na hivyo ndivyo walivyofanya. Anaimba, mteja wa kesho, halafu anasema kwa sauti ya kawaida, "natua, mama, anapumua," halafu anaendelea. Wimbo wa ajabu, ukiusikia kwa mbali ungedhani ni mtu anaimba huku anasoma barua. Lakini mama alikaa kitini, Bosi kifuani, na Jumatatu mizani ikapanda gramu kumi.

Jumatano likaja lile lenyewe tuliloliogopa. Sista alikuwa upande wa pili akimpima mtoto. Waya ulikuwa mguuni mwa Bosi safari hii, mashine inafanya kazi. Nilisikia wimbo ukikatika, nikaweka bisibisi chini. "Natua, mama," akasema Chiriku. "Hapumui. Sita." Nikageuka. Gitaa lilikuwa sakafuni tayari, mkono wake uko chini ya shuka. "Nane. Fungua kifuani, nione midomo. Sista, Bosi. Sista!" Mashine ikaanza kulia baada yake. Alikuwa anasugua wayo kwa kidole gumba, uso wake umekuwa mtupu, hauna damu, na midomo yake mwenyewe ilikuwa inaendelea kuhesabu bila sauti. Sista alifika akasimama. Hakumgusa mtoto. Alisimama karibu tu, mkono tayari.

Bosi akatoa ile sauti ya paka.

Sista aliandika saa kwenye karatasi ya mtoto, akamrekebisha kofia, akarudi alikotoka. Chiriku akainama kuokota gitaa. Akaliacha. Akatoka nje ya wadi karibu kukimbia, nikasikia bomba la sinki likifunguliwa.

Alirudi amenawa uso. Mama alikuwa hajamtoa mtoto kifuani. Alikuwa amemshika kwa mikono yote miwili, machozi yanamdondokea kofiani, lakini hakumtoa.

"Endelea," akamwambia.

"Mama, sauti haitoki."

"Haya, keti. Nitaanza mimi, wewe unifuate."

Akaanza. Sauti ya kiwandani, ya kushindana na cherehani, imepunguzwa mpaka imekwaruza. Mteja wa kesho, kitambaa kiko wapi. Chiriku aliketi. Ubeti wa pili akaingia, chini sana, sauti inakatika na kurudi, na macho yake hayakutoka pale kwenye kifua kidogo, kikipanda, kikishuka, kikipanda.