Mzee wa Jumanne Aliyemjua Baba

Quincy Wamalwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Gilgil. Wikendi alipenda kusahihisha makala kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika hata bila kujiandikisha. Oktoba 2007 alifungua ukurasa wa reli ya Nakuru akakuta aya mpya. Ilimtaja Barasa Wamalwa, mchochea makaa wa garimoshi, aliyeunguzwa mkono na mvuke karibu na Gilgil, akaendelea kulisha moto kwa mkono mmoja hadi Nakuru.

Barasa alikuwa baba yake. Quincy alilijua lile kovu tangu utotoni, lakini mzee alikufa bila kusimulia lilivyotokea.

Mwandishi hakuweka jina. Mahali pa jina palikuwa na tarakimu tu, zile zinazotambulisha laini ya intaneti iliyotumika. Jumamosi moja, akiwa kwenye cyber, duka la intaneti la Hemali mjini Nakuru, Quincy alisahau kuingia kwa jina lake, na alichoandika kikatokea chini ya tarakimu zilezile. Kumbe mtu huyo alikuwa akiketi humo humo.

Akaziachia zile tarakimu ujumbe kwamba yeye ni mwana wa Barasa na anaomba waonane. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Niaje boss. Hapa tunaingia watu wengi. Huyo si mimi."

Quincy alipomuuliza, Hemali alimkumbuka mzee fulani wa koti la kijivu, aliyekuja kila Jumanne na kuchapa kwa kidole kimoja. Hakuwahi kumuuliza jina. Aliahidi kumpa namba ya simu ya Quincy akimwona, lakini Desemba yote mzee hakutokea. Kisha uchaguzi ukaisha vibaya, nyumba zikachomwa, na Hemali akafunga duka.

Februari, Quincy alikwenda uwanja wa maonyesho, walikopiga kambi waliokimbia makwao. Mama mmoja aliyekuwa akiandikisha watu, Chepkurui, alimuuliza anamtafuta nani.

"Mzee mmoja. Nadhani aliwahi kufanya kazi reli."

"Jina lake?"

"Silijui."

Chepkurui alimtazama kwa huruma, akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Mwezi uliofuata, mhariri wa kamusi alidai uthibitisho wa ile aya. Quincy akaeleza yote aliyoyajua. Mhariri alijibu kwa upole kwamba kumbukumbu ya mtu asiyejulikana haitoshi, akaiondoa. Kuhusu kumtambua mwandishi, alisema zile tarakimu zitabaki kwenye historia ya ukurasa, na zaidi ya hapo hakuna la kufanya. Hemali naye alipofungua tena alikuwa na laini mpya ya intaneti, yenye tarakimu nyingine. Ujumbe wowote kwa tarakimu za zamani sasa ungemfikia mtu mwingine kabisa.

Quincy aliitoa ile aya kwenye historia ya ukurasa, akaichapa kwenye karatasi, akamsomea mamake. Mama aliomba isomwe mara ya pili. Halafu akauliza aliyeiandika anaitwa nani, apate kumwombea.

Quincy akaikunja karatasi, akaifungua, akaikunja tena.