Mbwa wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alimlea mbwa wake tangu hajafumbua macho, na kila mteja aliyesita getini alimwambia, "Pita tu, haumi." Siku mdogo wake alipofuata gauni lake, mbwa alimrukia akamng'ata paja.

"Dada, si ulisema haumi?" mdogo mtu alilia.

"Mimi hajawahi kuniuma," fundi alijibu, na papo hapo jibu lake likamtia aibu.

Alimkimbiza hospitali akachomwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, kisha akajenga banda la nondo lenye komeo. Majirani walimshauri amuue mbwa, akakataa katakata. Siku hizi humtembeza asubuhi mwenyewe, mdomo umefungwa kwa mkanda wa ngozi, na akiona mtu mbele huvuka barabara.