Ramani ya Visima Kumi na Vinne

Ahmednoor Gelle hakuuza kisima cha mtu yeyote. Naliandika hili kwanza kwa sababu mwezi uliopita, kwenye arusi ya jirani hapa Garissa, mwanamke niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma alimwambia mjukuu wangu kwamba babu yake aliwachorea wanajeshi ramani, ngamia wa watu wakamalizwa. Aliyasema hayo huku anakula pilau. Ramani ilichorwa, ndiyo. Wino nilinunua mimi. Lakini ilichorwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa.

Mume wangu alizaliwa malishoni, upande wa Diff. Wengi wanamkumbuka kama mtu wa kuwadunga ngamia sindano tu. Hawajui kwamba alikuwa na shahada ya sayansi ya wanyama, aliyoisomea Kampala, wakati ambapo watu wetu wenye shahada ungeweza kuwakalisha kwenye mkeka mmoja. Alirudi mwaka 1962, akaajiriwa katika ofisi ya mifugo, akapewa meza, hadubini na sanduku la vioo. Alikuwa mrefu, mpole, asiye na haraka ya kujibu. Ukimwuliza kama atakula, alifikiri kwanza.

Kuna ugonjwa wa ngamia tunaouita dhukaan. Huletwa na nzi. Mnyama hukonda, hutupa mimba, mwisho hulala asiinuke. Wafugaji wetu huutambua kwa pua. Mzee huchota mchanga uliolowa mkojo wa ngamia, hunusa, husema huyu anao, huyu hana. Maofisa wa zamani waliliona jambo hili kichekesho. Ahmednoor hakucheka. Kwa miaka mitatu alichukua damu ya kila ngamia aliyenuswa akaitazama kwenye hadubini. Alipima ngamia mia mbili na kumi, na wazee walikuwa wamesema kweli karibu mara nne katika kila tano. Yote aliyaandika kwenye daftari, pamoja na kisima alikonywea kila mnyama, maana ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye visima fulani kuliko vingine.

Alitaka kulifanya jambo hilo kuwa shahada ya pili. Lakini masomo ya namna ile hayapatikani kwa kujaza fomu tu. Kwanza apatikane profesa atakayekubali kukusimamia. Jina la Profesa Tarrant, wa chuo kimoja huko Scotland, alilipata kwenye jarida kuukuu la ofisini. Alikaa nalo mfukoni tangu Ramadhani hadi Idi ya kuchinja bila kuandika neno.

Kwetu mtu hajiombei jambo kubwa. Anayetaka mke hutanguliza wazee. Anayejisemea mwenyewe huonekana hana watu. Basi mwishowe mume wangu alikwenda kwa Barre, ndugu wa mama yake, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye sote tulimwita Abti, yaani mjomba. Abti Barre akaja nyumbani, akaketi, akaniambia nilete karatasi.

Nilisoma Mombasa na kufundishwa na Waingereza, kwa hiyo nilisema, "Abti, watu wale hujiombea wenyewe."

"Mwalimu, wewe ulikuja kuombwa na nani?"

"Na wewe, Abti."

"Ulikubali au ulikataa?"

"Nilikubali."

"Basi andika."

Akasema kwa Kisomali, nami nikaandika kwa Kiingereza. Alianza na mababu saba. Baadaye akasema, "Mwambie kijana hatafuni miraa, hana deni, na hajawahi kuinua mkono juu ya mke wake. Si kweli?"

"Ni kweli. Lakini profesa atataka habari za ngamia."

"Ngamia watafuata. Kwanza ajue anampokea mtoto wa nani."

Ahmednoor alikuwa ameketi palepale, anatazama vidole vyake. Nilimtazama nikitaraji aseme kitu. Aliendelea na vidole vyake. Nami ningeweza kukataa kuandika, na sikukataa. Barua ilikwenda ukurasa mzima na nusu, na habari za mkojo wa ngamia zilipata mistari minne mwishoni.

Hiyo ilikuwa Januari 1966. Kila aliyekuwapo anaujua mwaka ule. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Desemba 1963 kwa sababu ya shifta, wapiganaji waliotaka mkoa wetu ujiunge na Somalia, na barua zote zilikuwa zikifunguliwa ofisi ya serikali kabla hazijatoka wala kuingia. Watu walikuwa wakikusanywa kwenye vijiji vyenye walinzi, na ngamia aliyeonekana mahali pasiporuhusiwa alipigwa risasi. Mtu wa mifugo alihitaji kibali hata cha kwenda kumtazama mnyama mgonjwa.

Jibu lilifika mwishoni mwa Aprili. Profesa Tarrant aliandika kwa adabu. Alimshukuru mjomba, akasema hana shaka na wema wa ukoo, ila yeye humsimamia mtu, hasimamii ukoo. Bwana Ahmednoor amwandikie mwenyewe. Ile mistari minne ilikuwa imemshughulisha. Alitaka hesabu zote, na alitaka ramani ya mahali ugonjwa ulipozidi. Nafasi moja ilikuwapo. Angengoja hadi mwisho wa Juni.

Miezi mitatu ilikuwa imepotea kwa ajili ya adabu zetu.

Ahmednoor aliandika barua ya kurasa saba kwa siku nne. Ramani aliichora mwenyewe, visima kumi na vinne, kuanzia karibu na Liboi kwenda kaskazini. Nilipoiona niliogopa, nikamwambia. Alifikiri kama kawaida yake, akafuta majina yote akaweka namba. Majina yalibaki kwenye daftari. "Profesa hahitaji majina," alisema. "Anahitaji umbali na maji." Tuliona tumefanya la busara. Kumbe kwa mtu aliyezoea kutafuta siri, ramani yenye namba bila majina ni mbaya kuliko yenye majina.

Askari walimchukua ofisini kwake tarehe saba Juni. Nilikwenda alikofungiwa, kwenye ile ofisi ya serikali iliyofungua barua, siku ile ile na kila siku iliyofuata, na anjera, mkate wetu mwembamba, kwenye kitambaa na chupa ya chai. Karani aliyekaa mlangoni, mtu wa bara, hakuwa mkatili. Chakula alikipokea. Siku ya tatu nilimwomba aniambie kosa.

"Mama, bwana yako amechora visima vya shifta."

"Amechora ngamia wagonjwa wanakonywea. Soma barua, kila kitu kimo."

"Nimesoma. Inazungumza mkojo kurasa saba." Akainama kidogo. "Wakubwa wanasema hakuna mtu mwenye shahada anayeandika mkojo kurasa saba. Wanasema ni maneno ya kuficha."

Sikujua nicheke au nilie. Hadubini ilikuwa mita mia mbili kutoka pale. Ningeweza kuwaonyesha wadudu wenyewe kwenye damu. Hakuna aliyetaka kutazama.

Juni ilikuwa ikiisha. Nilimwandikia Profesa Tarrant barua yangu mwenyewe, fupi, nikimwomba amngoje mume wangu mwezi mmoja. Sikutaja kizuizi, nilisema ni mgonjwa. Siku mbili baadaye karani alinirudishia bahasha ikiwa imefunguliwa.

"Kwanza mjomba, halafu bwana, sasa mke," alisema. "Mzungu huyu anaomba kuandikiwa na nyumba nzima? Chukua, mama. Nikiipeleka juu, watakuita na wewe."

Niliichukua. Nilikuwa na watoto wawili.

Alikaa siku arobaini na moja. Alirudi amekonda, bila kidonda kinachoonekana, na watu wakaanza kusema papo hapo: kwa nini hakupigwa? Barua ya Scotland ilifika Agosti. Profesa alisikitika kwamba hakupata jibu. Nafasi alikuwa amempa mwingine, na alimtakia heri. Ahmednoor aliisoma akiwa amesimama, akanipa, akaenda kazini. Hakumwandikia profesa yeyote tena hadi alipofariki.

Mwaka ule, kabla ya mvua za vuli, wanajeshi walifika kwenye baadhi ya visima vile. Ngamia waliuawa, miongoni mwao wa Abti Barre. Abti hakumlaumu mpwawe hata mara moja, ila hakuja tena kuketi kwetu. Wengine hawakutaka Ahmednoor aguse mifugo yao, na aliishi na hilo miaka ishirini na mitatu. Mimi nasema: visima havikuwa siri. Ndege zilikuwa zikipita juu kila wiki, na serikali ilikuwa na ramani zake tangu enzi za Mwingereza. Mwenye akili atapima.

Najua mtakaloniuliza. Daftari lenye majina lilichukuliwa nalo, na mwandiko wake hakuna aliyeweza kuusoma ila yeye na mimi. Mnataka kujua kama katika siku zile arobaini na moja aliwasomea majina ya namba zile, moja baada ya jingine. Mama yake aliniuliza hilo akiwa kitandani anakufa, na sikumjibu. Mume wangu aliniambia mara moja. Sitasema alichoniambia, na nisiulizwe tena.