Shamba Alikojifunzia Joakimu Kungoja

Nilikwenda kijiji cha Mamba kumnasa rafiki yangu katika uongo. Joakimu aliimba muziki wa soul katika bendi moja ya Dar es Salaam, nami nilikuwa nimeandika makala kwa jarida letu la chuo kikuu kwamba ukelele wake maarufu, aliodai ni wa kwao, kauiba kwenye santuri za Wamarekani. Miaka ile ya sabini, kuiga ugeni kulipopigwa vita, shutuma kama hiyo ilitosha kumtoa mtu jukwaani. Aliniomba kitu kimoja tu kabla sijaipeleka kwa mhariri: nimwone kwanza shangazi yake, Leokadia, aliyemlea.

Siku ya tatu treni ilinishusha Mpanda. Nikapata lori lililokuwa likifuata mahindi huko Mpimbwe, upande wa Mamba. Lilikwama kwenye tope mara mbili, na dereva akaniuliza kama chuo kikuu tunafundishwa kusukuma.

Jioni nilifika Mamba. Niliuliza swali langu hata kabla ya kunawa. Shangazi Leokadia akanipa wali na maharage, akasubiri nimalize, ndipo akajibu bila kuficha: ndiyo, katekista alikuwa na gramafoni, na Joakimu, akitoka kwaya, alikuwa haondoki hapo mpaka jua linazama. Niliandika haraka, nimefurahi. Ushahidi nilikuwa nao.

"Andika vizuri," alisema. "Kesho utanisaidia kuamia ndege wasile mpunga."

Alfajiri tulikuwa shambani. Mpunga ulikaribia kuiva na ndege walishuka makundi kwa makundi. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Kufika saa tatu sauti ilikuwa imekauka.

"Nyie wasomi mnapigia kooni," shangazi alisema. "Ndege haogopi koo."

Akaita yeye. Sauti ilianzia chini tumboni, ikapanda, ikakatika kileleni. Halafu kimya. Kimya kile nilikijua: Joakimu huacha hivyohivyo jukwaani, akiingojea tarumbeta. Nikamuuliza kwa nini ameacha.

Akaonyesha ng'ambo ya kijito, ndege walikokimbilia. Kumfukuzia jirani ndege bila kumwambia ni ubaya, alisema. Unaita, kisha unangoja mpaka ujue ameamka. Punde sauti ya Mama Fidelis, jirani yake, ikajibu kwa wimbo uleule, na mwishoni akatia maneno:

"Wote unanitumia mimi, dada? Na huyo anayekohoa umemwokota wapi?"

Shangazi alicheka, kisha akanieleza kwamba siku moja Joakimu, bado mtoto, aliita akaenda zake kucheza bila kungoja jibu. Mpunga wa Mama Fidelis uliliwa. Tangu hapo kila asubuhi Joakimu alisimama pale mpaka aitikiwe.

Nilikaa siku nne nikiamia. Shangazi na Mama Fidelis waliponisindikiza hadi kwenye lori walinipa mfuko wa mchele ambao sikustahili.

Njiani kurudi niliandika makala upya, huku nikibishana na nafsi yangu. Gramafoni sikuifuta, maana ilikuwepo. Kwaya niliiweka. Shangazi na ukelele wake nikawapa ukurasa mzima.

Dar es Salaam nilimpelekea Joakimu makala kabla ya mhariri. Alisoma amesimama. Habari za santuri hakuzipinga hata kidogo. Mwisho akaniomba kalamu.

"Umemwandika aliyeita," alisema. "Mama Fidelis, aliyekuwa ananijibu, yuko wapi?"

Safari nzima nilikuwa nikiuliza Joakimu alimsikiliza nani. Haikunijia akilini kuuliza nani alimsikiliza yeye. Nikaichukua tena kalamu, nikaandika jina la mama huyo, na siku ileile makala ikaenda kuchapishwa.