Mafuta ya Nazi Miguuni mwa Rukia

Nakumbuka siku moja ya hina, mwanangu, na hata leo nikiisimulia natamani kujifunika uso kwa mtandio. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo nyumbani kisiwani, Mkomani, kichwa kimevimba kwa kemia. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alikuwa ametufundisha habari za molekuli zenye ncha, nami nikapata alama zote. Basi nyumba nzima haikupumua.

"Maji," niliwaambia hata wapishi, "oksijeni yake huvuta elektroni kuliko hidrojeni. Upande mmoja huwa hasi kidogo, mwingine chanya kidogo; hizo ndizo ncha. Na kwa kuwa molekuli imepinda, mivuto haifutani. Kaboni dioksidi nayo ina mivuto, ila imenyooka, pande mbili zavutana sawasawa, ncha zapotea. Mafuta ndiyo hayana ncha, ndiyo maana hayachanganyiki na maji." Waliniitikia ee, ee, wakaendelea kukuna nazi.

Binamu yangu Rukia alikuwa anaolewa. Mchora hina alikuwa Bi Mwanaisha, mwanamke mtu mzima aliyewachora mama zetu wote walipoolewa. Aliniita akaniagiza: "Mwoshe miguu kwa sabuni, umkaushe, usimpake kitu. Hina haishiki yuu ya mafuta." Akaenda kukoroga hina kwa ndimu.

Nilimwosha. Lakini nilishawaona wanawake wakipaka mafuta hina ikishakauka, rangi ikolee. Nikajiambia, kama baadaye yafaa, mapema si bora zaidi? Nikampaka Rukia mafuta ya nazi, nikayasugua hata yasionekane. Msomi mie! Bibi huyu ajua nini?

Hina ilipobanduliwa, maua yalikuwa mabaka mabaka, na visigino vyeupe kana kwamba havikuguswa. Rukia alilia kwa sauti. Shangazi wa bwana harusi akasema mbele ya watu, "Bi Mwanaisha kazeeka. Hina yake imekufa." Nami nilikuwa nimesimama papo hapo, mwanangu, nikainamisha macho kwenye mkeka. Sikufungua kinywa. Tangu siku ile hakuna nyumba iliyomwita tena, na hina ndiyo iliyokuwa kazi yake na heshima yake.

Siku chache baadaye mama alinituma nimpelekee Bi Mwanaisha sahani ya chakula. Akanikalisha. "Mwanafunzi, nisomeshe. Mai na mafuta yana ugomvi gani?"

Nilifurahi, wallahi. Nikamweleza tangu mwanzo: rangi ya hina yasafiri ndani ya maji, maji hushikana na chenye ncha, yakikuta utando wa mafuta ngozini hayafiki, rangi yabaki juu... Hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

"Kumbe wayajua," akasema polepole. "Hina ilipobanduliwa nilinusa nazi miguuni mwa Rukia. Nikasema, mtoto huyu hakujua, nisimwaibishe mbele ya watu."

Yeye alininyamazia kwa huruma, mimi nilimnyamazia kwa woga. Nilitaka kusema niwie radhi, Bi. Nikachukua sahani tupu nikaondoka. Kesho yake nikavuka kwa mashua kwenda Mokowe kupanda basi la kurudi shule. Niliporudi likizo iliyofuata, alikuwa ameshazikwa. Nikausema ukweli wangu matangani, nikilia, na wanawake wakaniuliza, "Watwambia leo?" Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu sijaacha kumlea.

Basi soma. Jua kwa nini molekuli hii ina ncha na ile haina, usikariri tu. Lakini elimu iliyoishia mdomoni haijakufikia. Mwenye mikono iliyozoea kazi akikuagiza, tii kwanza, kisha uliza. Na ukikosa, sema siku ile ile, papo hapo, mbele ya wale wale, maadamu uliyemkosea yu hai na aweza kufaidika na ukweli wako.

Mola akupe elimu yenye manufaa, akujaalie ulimi usiochelewa, na wale uliowadhulumu akukutanishe nao mapema. Mimi alinikutanisha naye, ulimi ukachelewa.