Ng'ombe Walikuwa Ndani, Sisi Tukabaki Kwenye Ngazi

Mshale ulimwingia mama chini ya bega, mikono yake ikabaki imeshika geti. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Aliyelifunga ni Machage, mwenyekiti wetu wa kijiji wakati ule. Namtaja kwa jina maana yupo hai na masikio anayo.

Huku kwetu, ukitoka Nyamuswa kama unaenda Butiama, kukiwa na jua tulikuwaga tunaanika mihogo kwenye mawe. Asubuhi hiyo mama alikuwa ananisema, eti nakata vipande vinene kama mvivu. Nilikuwa darasa la nne, na nikaishia hapo hapo. Ugomvi wa malisho na watu wa ng'ambo ya mto tulishauzoea. Ukapigwa mwano, lile yowe la kuita wanaume, wakakimbilia mtoni na mishale yao. Sisi wanawake na wazee tukapanda ngazi.

Ni ngazi za mawe, babu zetu walibebeshwa mawe hayo enzi za Mjerumani. Zinapanda kilima mpaka kanisa la zamani lenye ukuta na geti. Tulijua tukiingia mle tumepona.

Kufika juu, tunasikia ng'ombe wanalia ndani. Machage alishawapandisha wa kwake kwa njia ya mkokoteni, wamejaa uwanja mzima.

"Machage baba," mama akamwita huku anahema, "ng'ombe wako wamebatizwa lini? Tufungulie na sisi."

"Nikifungua watatoka, Mama Nyangeta. Kaeni hapo hapo. Wezi hawana shida na nyie."

Kweli, shida yao ilikuwa ng'ombe. Na ng'ombe walikuwa wanalia mpaka bondeni wanasikika.

Wezi wakaanza kupanda.

Tukabanana getini. Kulia ukuta, kushoto korongo.

Mama akanikandamiza kati yake na geti.

Hapo ndipo mshale ulipomkuta.

Walivunja geti, wakaswaga ng'ombe, wakaondoka. Machage alikuwa amejificha ndani ya kanisa, kwenye sakristia. Alitoka mzima, hata shati halijachanika. Sisi tukazika watu wetu.

Siku hizi ngazi zimepakwa chokaa, zina bomba la kushikilia. Wageni wanatoka Musoma kuja kupiga picha, na anayewapa historia ni Machage huyo huyo. Jumapili iliyopita nilipanda na magoti yangu haya mabovu, nikamkuta anasema ngazi hizi ziliokoa watu vitani.

Nikamuuliza, "Ziliokoa nani?"

Akacheka, akawageukia wageni. "Msameheni huyu mama, alichanganyikiwa tangu utotoni."

Nimeenda kwa mtendaji, nimeenda kwa padri. Wote wananiambia yameshapita. Yamepita kwao. Mimi nimelelewa kwa watu, nimeolewa bila mama, nimezaa bila mama.

Ng'ombe zake sizitaki, pole yake siitaki. Nataka uitishwe mkutano wa kijiji, Machage asimame mbele yetu aseme kwa nini aliacha watu nje. Ajibu yeye mwenyewe, asisemewe na mtu.