Pumzi ya Kafedha

Kafedha wa Karisa alikwenda kwenye ile nyumba ya Utange kupiga deki, si kupumua. Kupumua alikuwa akifanya bure tangu azaliwe, wala hakujua kuwa kuna mtu angemwajiri kwa hilo.

Nyumba ilikuwa imepangwa na watafiti. Mkuu wao, Zuleikha, binti wa Likoni aliyesomea mambo yasiyoonekana kwa macho, alikuwa akitengeneza kifaa cha kunusa pumzi za wagonjwa. Ndani yake mlikuwa na kigae kidogo kama ukucha, na juu ya kigae umepakwa utando wa madini, mwembamba hata unywele wa mtu kando yake ungeonekana gogo. Ukipuliza kwenye mrija, utando unahisi kilichomo katika pumzi yako, na mstari kwenye kioo cha kompyuta unapanda. Mwenye kisukari, mstari wake ungepanda kwa namna ya peke yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa matumaini. Tabu ni kwamba kila aliyepuliza, mstari ulipanda. Mgonjwa ulipanda, mzima ulipanda, na Brandon, fundi wa mitambo, kijana mwenye afya ya punda, alipopuliza baada ya kula bhajia kwa chatini ya kitunguu saumu, mstari ulitoka nje ya kioo.

"Mama Mweri, hebu weka hilo tambara chini," Zuleikha akasema siku moja, amekata tamaa. "Njoo upulize hapa."

Kafedha akapangusa midomo kwa ncha ya leso, akapuliza. Mstari haukutikisika.

"Umepuliza?"

"Nimepuliza, mwanangu."

"Puliza tena, kwa nguvu."

Akapuliza mpaka masikio yakavuma. Mstari umelala. Brandon akaigonga mashine, akapuliza yeye, mstari ukaruka. Akapuliza Kafedha, ukalala. Zuleikha akamtazama yule mama kama mtu aliyeokota lulu kwenye ndoo ya maji machafu. Kwani kifaa kile kila asubuhi lazima kioneshwe kwanza pumzi isiyo na kitu, ndipo kijue kupima yenye kitu. Na pumzi isiyo na kitu ilikuwa imesimama mbele yake, imejifunga leso kiunoni.

Basi Kafedha akapewa kazi ya kupuliza. Anafika asubuhi, anaketi kwenye kiti chake chenye mto, anapuliza, anakwenda zake. Lakini masharti! Asile kitunguu wala samaki mkavu. Asinywe mnazi. Asipike kwa makaa. Mafuta ya nazi asiyapake hata kisiginoni. Ale wali mweupe na viazi vya kuchemsha, anywe maji.

Mumewe, Karisa, alikuwa mgema, na mnazi ulikuwa umemkaa mwilini kama rangi ya ngozi. Akahamishiwa sebuleni.

"Nalala sebuleni kwa ajili ya mashine?" akauliza.

"Si mashine, baba Mweri. Ni pumzi yako. Yanidandia."

Habari ikaenea. Mzee wa mtaa akapiga marufuku kuchoma taka kabla Kafedha hajapita. Wauza mahamri wakawa wanafunika karai kwa sinia wakimwona anakuja. Kanisani, kiongozi wa kwaya akamwomba asiimbe sana, asije akaimaliza pumzi. Watu wakamwita Mheshimiwa Pumzi, kwanza kwa utani, kisha utani ukasahauliwa, likabaki jina. Na Kafedha, ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kumpisha njiani, akaanza kutembea taratibu, kidevu juu, kama aliyebeba mtungi. Ila usiku alikuwa akiota kachumbari.

Ndipo bintiye, Mweri, akaolewa Mikindani. Siku ya karamu kwa wakwe, sinia la pilau likawekwa mbele ya mama wa bibi harusi. Kafedha akatoa viazi vyake kwenye mkoba, akaanza kumenya.

Shangazi wa bwana harusi, Gladys, mwanamke wa sauti, akaja kumsimamia. "Chakula chetu kina sumu?"

"La, dada. Ni kwamba mimi nimeajiriwa kutonuka."

Gladys akashika kiuno. "Kwa hiyo sisi ndio tunaonuka?"

Mweri, shela usoni, akasema kwa sauti ya kulia, "Mama, kula tafadhali."

Kafedha akala. Tonge la kwanza lilikuwa la adabu tu. La pili, yeye mwenyewe hakulisikia likipita. Akaomba kachumbari, akaongezwa, akaomba bakuli lenyewe. Mnazi ulipozungushwa akaunywa amefumba macho, na wakwe wakampigia vigelegele kuliko walivyompigia bibi harusi.

Jumatatu akapuliza. Mstari ukapanda, ukajikunja, ukapanda tena.

"Hapa ni kitunguu," Brandon akasema akifuata kwa kidole. "Hapa sijui. Labda ni furaha."

Zuleikha akaketi sakafuni. Nje wagonjwa walikuwa wamejaa barazani. Wakangoja pumzi ya Kafedha irudi ilivyokuwa; akarudia viazi, akarudia maji, lakini harusi haikumtoka. Mwishowe ukaletwa mtungi wa chuma wa hewa safi kutoka Changamwe, ukawekwa kwenye kiti chake, juu ya mto wake.

Kafedha akautazama kama mke mkubwa anavyomtazama mke mdogo. "Huyu anakula nini?"

"Hali kitu, mama."

"Harusini haendi?"

"Haendi."

"Basi kazi ni yake."

Akarudi nyumbani, na moshi wa taka ukampiga usoni. Wauza mahamri hawakugusa sinia. Hakudhani kwamba ingemuuma, lakini ilimuuma.

Zuleikha hakumwachisha kazi. Wagonjwa wengi waliuogopa mrija, hivyo Kafedha akawekwa barazani kuwaelekeza. Siku ya kwanza akampata Bibi Mwanatabu, ajuza wa Kisauni, aliyekuwa ameufumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa.

"Shikamoo, bibi. Puliza kama unayepoza uji."

"Marahaba. Sipulizi. Pumzi nimepewa na Mola, na za uzee hazizidi. Nikiwapa hawa, watanirudishia?"

Kafedha akafikiri. "Yangu waliichukua muda mrefu, bibi. Wamenirudishia."

"Nzima?"

"Ina kitunguu kidogo."

Bibi Mwanatabu akamwinamia, akamnusa kinywani kwa makini. Kisha akaushika mrija, akafumba macho, akapuliza kidogo tu, kama anayeonja chai ya mtu mwingine.